Ndege Wanatua, Ndege Zinatua: Upigaji Picha katika Mwambao wa Waswahili

Kiswahili hutumia neno moja, ndege, kwa kiumbe mwenye manyoya na kwa chombo chenye injini, na kazi ya kuwatofautisha huachiwa sarufi, kwa kuwa wale wa kwanza wanatua na zile za pili zinatua. Kwa mtu anayeshika kamera katika mwambao wa Kenya na Tanzania, umoja huo wa jina una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani kiumbe na chombo hutii kanuni moja ya kuukabili upepo wakati wa kupaa na wakati wa kutua, na upepo huohuo ndio unaojaza tanga la jahazi na kuamua kama mvuvi atatoka au atabaki ufukweni akishona nyavu zake. Picha nzuri za pwani, ziwe za ndege hizo, za ndege hao au za shughuli za kila siku za watu, hutegemea mambo matatu, yaani upepo, maji na mwanga wa jua, na maarifa ya mambo hayo, ambayo manahodha na wavuvi wameyatunza kwa lugha yao wenyewe kwa vizazi vingi, humfaa mpiga picha kuliko kamera ya bei kubwa.

Upepo na ndege zinazotua

Mwaka wa pwani hugawanywa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kati ya misimu hiyo huwapo majuma ya upepo wa kubadilikabadilika ambayo mabaharia huyaita tanga mbili. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Oman na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha kwao.

Pepo hizo hizo huelekeza ndege za abiria. Bawa huinua ndege kwa sababu ya hewa inayopita juu na chini yake, hivyo ndege inayoukabili upepo huhitaji mwendo mdogo zaidi juu ya ardhi ili ipae au itue salama. Njia ya kurukia hupewa namba mbili, moja kwa kila upande, zinazoonyesha mwelekeo wake kwa makumi ya nyuzi za dira: njia kuu ya Mombasa huitwa 03 na 21, yaani huelekea takriban nyuzi 30 kwa upande mmoja na nyuzi 210 kwa upande wa pili, na ile ya Unguja huitwa 18 na 36, yaani kusini na kaskazini. Kwa hiyo, wakati wa kaskazi ndege nyingi zinazotua Unguja huingia kutoka kusini zikielekea kaskazini, na wakati wa kusi huingia kutoka upande wa kaskazini. Rubani na waongozaji wa ndege hufuata upepo wa saa ile, lakini mpiga picha anayeijua kalenda ya pepo huweza kukisia, kabla hajatoka nyumbani, ndege zitapita upande gani na jua litaziangaza ubavu upi.

Baada ya mahali pa kusimama hufuata suala la kasi ya shata. Shata ni kilango kilicho ndani ya kamera, ambacho hufunguka kwa muda mfupi ili kuruhusu mwanga uingie, na muda huo hupimwa kwa sehemu za sekunde. Ndege ya jeti hupigwa vizuri kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au chini ya hapo, lakini kasi hiyo huharibu picha ya ndege ya rafadha, yaani pangaboi, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika safari fupi za pwani na visiwani. Rafadha ya ndege aina ya ATR 72 za matoleo mapya ina mapanga sita, na wakati wa kupaa huzunguka mara 1,200 kwa dakika, sawa na mara 20 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya 1,000 ya sekunde kila panga husogea sehemu moja tu ya 50 ya duara, hivyo picha huonyesha mapanga yaliyoganda, kana kwamba injini imezimika angani. Katika sehemu moja ya 100 ya sekunde kila panga husogea sehemu moja ya tano ya duara, ambayo ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya panga na panga, na hapo rafadha huonekana kama sahani ya ukungu mwembamba, jinsi jicho la mtu linavyoiona. Kwa kuwa kasi hiyo ndogo huweza kuifanya ndege nzima itoke na ukungu, mpiga picha hulazimika kuifuata kwa kamera kwa mwendo wake wenyewe, akizungusha kiuno taratibu na kuendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza.

Adui mwingine ni joto. Kuanzia saa 4 asubuhi lami ya uwanja huwa imechemka, na hewa inayopanda kutoka juu yake huupinda mwanga na kufanya mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele ya msafiri barabarani. Lenzi ndefu huyakuza mazigazi pamoja na ndege, wala hakuna lenzi ya gharama yoyote inayoweza kuyaondoa, hivyo dawa yake ni kuwahi asubuhi au kuisubiri ndege ipande juu ya hewa hiyo.

Maji na ndege wanaotua

Kusini mwa Watamu, katika pwani ya Kenya, bahari huingia ndani ya nchi kavu na kufanya hori ya Mida, iliyozungukwa na mikoko na kuungana na eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo ni miongoni mwa hifadhi za mwanzo za bahari barani Afrika, kwani ilianzishwa mwaka 1968. Katika tope na mchanga wa hori hiyo hukusanyika ndege wahamao kwa wingi, hasa kati ya Septemba na Aprili. Baadhi yao ni aina za vitwitwi wanaotaga katika nyanda baridi za Siberia, lakini anayevuta macho zaidi ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wataalamu humwita *Dromas ardeola*. Ndege huyu huzaliana katika mwambao na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, ambako huchimba shimo mchangani, jambo la nadra sana kwa ndege wa jamii yake, na kutaga yai moja jeupe linalosaidiwa kuanguliwa na joto la mchanga. Kisha hushuka hadi pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ileile inayounganisha bandari za pande hizo mbili.

Kumpiga picha ndege huyu ni kazi ya kuyajua maji. Bahari ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, kwa tofauti inayozidi mita 3; siku za nusu mwezi huwa ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali katika tope wakiwafuata kaa, na hata lenzi ya milimita 600 huwaonyesha kama vidoa. Maji yanapoanza kujaa, sehemu ya kulishia huzidi kuwa nyembamba na ndege husukumwa hatua kwa hatua kumwelekea mtu aliyekwisha kukaa kimya mahali pake, ilhali yule anayewakimbilia huwafukuza na kuwapotezea nguvu wanayoihitaji kwa safari ndefu.

Hapo ndipo hesabu ya mvuvi inapoungana na hesabu ya mwanga. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa na jirani zake hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 au saa 11 jioni, hivyo ndege husogezwa karibu alasiri, jua linapoanza kulegea. Wakati wa maji mafu mpango hugeuka, maji yakajaa asubuhi tangu alfajiri, na mpiga picha akapata ndege waliokaribia pamoja na mwanga wa mapema.

Mwanga, kanzu na buibui

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na Unguja takriban nyuzi 6, hivyo jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima, hupanda karibu wima kwa nyuzi 15 kila saa, na jioni huzama wima vilevile, likaacha mwangaza wa magharibi wa takriban dakika 20 tu. Mwanga laini wa pwani ni mfupi kuliko ule wa nchi za mbali na ikweta, na kuanzia saa 3 asubuhi nyuso za watu huanza kujaa vivuli vikali chini ya nyusi na kofia. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena kabla ya katikati ya Machi, jua la adhuhuri husimama utosini mwa mji wa Mombasa na kivuli cha mtu humezwa na nyayo zake.

Ugumu mwingine ni wa rangi. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera kimeundwa kudhani kwamba vyote kinavyoviona, vikichanganywa, hufanya kijivu cha wastani. Ndege mweupe aliye mdogo mbele ya mikoko yenye giza hukipotosha, kamera ikaongeza mwanga na manyoya yakageuka doa jeupe lisilo na alama, hivyo mpiga picha hana budi kupunguza mwanga kwa makusudi. Kanzu nyeupe iliyojaza picha hutoka ya kijivu mpaka mwanga uongezwe, na buibui jeusi lililojaza picha huonekana limechujuka mpaka mwanga upunguzwe. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kumpiga picha vizuri ndege mwenye weupe na weusi katika hori ya Mida amejifunza pia kuwapiga picha watu wanaotoka msikitini siku ya Idi, wakiwa katika kanzu na mabuibui yao.

Watu si mandhari

Pwani ina historia ndefu ya kamera. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa katika Mji Mkongwe mwaka 1930, iliwapiga picha wakazi wa kawaida pamoja na wakuu wa nchi; Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, na Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa ustadi wa kukata na kuunganisha picha hadi zikawa sanaa mpya. Katika studio hizo mteja ndiye aliyechagua nguo yake, mkao wake na pazia la nyuma yake, na picha ikawa mapatano ya watu wawili. Mpiga picha wa leo mwenye lenzi ndefu huweza kuyavunja mapatano hayo bila hata kuonekana, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mtu si ndege wa kuviziwa. Desturi ya pwani ina neno lake kwa jambo hili: hodi hutangulia kuingia, na anayebisha huwa tayari kuambiwa hapana.

Mfano mzuri ni mashamba ya mwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, ambako kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake. Kazi yao hufanyika maji yanapopwa sana wakati wa bamvua, yaani kwenye jua kali la saa 4 asubuhi, na hata hivyo mchanga mweupe na maji ya kina kifupi huakisi mwanga kutoka chini, ukaziangaza nyuso zilizo chini ya mitandio. Mpiga picha aliyesalimia, akaeleza nia yake na kuahidi kurudisha picha, hupata pia kuelezwa vigingi, kamba na miche inayofungwa, mambo yanayoifanya picha iwe na habari ndani yake.

Sheria nazo zina nafasi yake. Viwanja vya ndege, bandari na kambi za jeshi huweza kuwa maeneo yenye ulinzi, na kupiga picha humo bila ruhusa huweza kumfikisha mtu mahakamani. Ndege nyuki, yaani kamera zirukazo, huhitaji idhini ya mamlaka za usafiri wa anga za nchi husika. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, kwa hiyo sura ya mtu inayotangazwa si mali ya mpiga picha peke yake.

Picha kama kumbukumbu

Ndege zina alama zao za usajili, 5Y kwa za Kenya na 5H kwa za Tanzania, na baadhi ya ndege wahamao huvishwa na watafiti pete za miguuni zenye rangi au namba. Picha inayoonyesha alama hizo wazi, ikiandikwa tarehe, saa, mahali, upepo na hali ya maji, huwa ushahidi: huweza kueleza chombo gani kilitua siku gani, au ndege yule alifika akitokea wapi. Picha ya mkulima wa mwani ikiandikwa jina lake kwa ridhaa yake huwaachia wajukuu wake bibi yao, badala ya kuwaachia mwanamke asiyejulikana wa pwani. Chumvi na unyevu vitaila kamera, na lenzi zisipofutwa na kuhifadhiwa pakavu zitaota kuvu, lakini daftari lililoandikwa vizuri litabaki, na ndani yake kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, zitakuwa zimeandikwa kwa majina ambayo nahodha yeyote wa mwambao huu angeyatambua.