Zoom Kubwa Isikudanganye

Wasee wa Isebania, mkichanga pesa ya darubini ya jicho moja ya kutazama ndege, msikimbilie namba kubwa. 20-60x80 maana yake inakuza mara 20 hadi 60, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 80. Hiyo lenzi ndiyo huleta mwanga. Ukivuta hadi 60, picha huingia giza.

Tengeni pia pesa ya stendi imara, la sivyo mtaona mtetemeko tu.

Pale ziwa Simbi Nyaima, Homa Bay, fikeni asubuhi kabla joto halijachezesha picha. Anzeni na 20, mkishampata flamingo ndio muongeze. Mdomo mwekundu uliokolea? Huyo ni yule mdogo. Wa waridi wenye ncha nyeusi ni mkubwa.

Mbayuwayu wa buluu wa Ruma ana mbio. Huyo mwachieni darubini ya macho mawili.