Dawa ya pamba ikikatika kwenye bomba: kosa liko wapi?

Wakulima wa pamba Ushetu, mkoani Shinyanga, wanaijua vizuri picha hii. Unamimina dawa kwenye bomba la mgongoni lenye maji, na palepale maji yanageuka meupe kama maziwa. Mvua inakufukuza shambani. Ukirudi jioni, maziwa yamekatika: mafuta upande wake, maji upande wake.

Ukipulizia hivyohivyo, mistari mingine inapata maji matupu na mingine inapata dawa kali inayounguza majani. Funza wa vitumba anabaki anakula, na hela ya dawa imeshakwenda.

Sumu nyingi za wadudu haziyeyuki kwenye maji. Dawa yenye herufi EC kwenye lebo ni sumu iliyoyeyushwa kwenye kimiminika cha jamii ya mafuta. Ikiingia kwenye maji inapasuka kuwa vitone vidogo mno, vingine havifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mchanganyiko wa namna hiyo ni wa familia ya koloidi, familia moja na maziwa yenyewe na hata tope lisilotuama kwenye maji ya lambo.

Shida ni kwamba vitone havitulii. Vinagongana muda wote, na vikisogeleana vinavutana. Viwili vinakuwa kimoja, kimoja kinakuwa tone, mwisho mafuta yanajitenga.

Kinachozuia hilo ni safaktanti, ndugu wa sabuni. Molekuli yake ina ncha mbili: moja inapenda mafuta, nyingine inapenda maji, kwa hiyo inakaa mpakani na kukivika kitone koti.

Sabuni ya kawaida inalinda kwa umeme. Kichwa chake kina chaji hasi, na vitone vyenye chaji sawa vinasukumana. Sasa ipeleke kwenye maji magumu ya kisima. Kalsiamu inaikamata sabuni na kuigeuza ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni la kufulia. Koti limevuka.

Safaktanti zisizo na chaji hazitegemei umeme. Kichwa chake ni mnyororo mrefu unaoshika maji, na minyororo hiyo inasimama kukizunguka kitone kama manyoya. Vitone viwili vikikutana, manyoya yanabanana, maji yanajipenyeza katikati na kuvitenganisha. Kalsiamu haina cha maana cha kukamata hapo. Ndiyo maana viwanda vinazipenda, ingawa mara nyingi huchanganya na kidogo ya zile zenye chaji.

Lakini nazo zina adui wao: joto. Manyoya yale yanasimama kwa sababu yameshikana na maji. Joto likizidi kiwango fulani, yanayaachia maji na kunywea, vitone vinaanza kushikana. Kwa hiyo bomba lililojazwa na kuachwa juani mchana kutwa, au chupa iliyohifadhiwa chini ya bati, ni kujitafutia hasara.

Halafu kuna wale wanaotupia sabuni ya unga kwenye bomba “ili dawa inate”. Wazo si la kijinga, sabuni kweli inasaidia maji kutandaa kwenye jani. Ila ikizidi, molekuli zisizopata nafasi kwenye vitone zinajikusanya makundi makundi majini. Vitone viwili vikikaribiana sana, makundi hayo hayaenei katikati yao, yanabaki nje yakivisukuma vishikane. Umeongeza kinga, umepata mabonge. Na dawa inayotandaa kupita kiasi inatiririka chini.

Kama una wasiwasi na maji yako, jaribu kwanza kwenye chupa inayoonyesha ndani. Vaa glavu. Lebo ikisema mililita 30 kwa lita 15, weka mililita 1 kwenye nusu lita ya maji yaleyale ya shambani, tikisa, acha nusu saa. Utando mweupe unaorudi ukitikisa si tatizo, hata bomba unatakiwa kulitikisa kila unapopumzika. Ukiona mafuta yamejitenga au mabonge yasiyopotea, usipulizie mchanganyiko huo, mwite afisa ugani aone. Chupa hiyo isirudi jikoni kamwe.

Na changanya kiasi utakachomaliza siku hiyohiyo.