Safari ya Pendekezo la Mvuvi: Kutoka Bandarini Msimbati Hadi Baraza la Madiwani

Katika vijiji vya mwambao wa Mtwara, kuanzia Msangamkuu hadi Msimbati na kuendelea kusini hadi kwenye mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, wavuvi hukusanyika katika vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wenyewe huviita BMU tu. Vikundi hivi vilianzia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, vikapata nguvu zaidi kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Mwanachama wake ana haki ya kupendekeza mabadiliko, lakini hatua za kufuata hutegemea anachotaka kibadilishwe.

Kuna tofauti kati ya mpango wa kikundi na sheria ndogo. Mpango ni utaratibu wa kazi, kama zamu za doria au matumizi ya fedha za kikundi, na mkutano wa wanachama unaweza kuubadilisha, azimio likaandikwa kwenye muhtasari na kazi ikaanza. Sheria ndogo ni kanuni inayombana kila anayefika kijijini, awe mwanachama au mgeni wa dago (kambi ya muda ya wavuvi), na kuivunja kuna adhabu. Kwa sababu hiyo, kikundi pekee hakiwezi kuitunga. Inasikitisha kuona pendekezo likizungushwa ofisini miezi mingi kama sheria ndogo, ilhali lilikuwa suala la ratiba tu.

Ichukuliwe kuwa wanawake wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wanataka mwamba mmoja ufungwe kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Hoja hujadiliwa kwanza na kikundi, kisha hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, ambayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 ndiyo yenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo za kijiji. Halmashauri hiyo huitisha mkutano wa wakazi ili wananchi watoe maoni, na baada ya kupitishwa, rasimu hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa na baraza la madiwani. Bila kibali hicho sheria ndogo haina nguvu.

Mara nyingi hoja hukwama kwenye maandishi. Azimio linalosema tu kwamba “uvuvi haramu ukomeshwe” halimwongozi hakimu wala mlinzi wa doria. Linalofaa hutaja mwamba kwa jina na mipaka yake, tarehe za kufunga na kufungua, zana zinazokatazwa na kiwango cha faini, na huambatana na orodha ya waliohudhuria pamoja na saini zao. Afisa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, anapaswa kuhakikisha kwamba hayo yote yamo kabla jalada halijaondoka.

Vijiji vingi vya ukanda huu vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Humo, pendekezo linalogusa kanda za matumizi, yaani sehemu zilizogawanywa kwa kiwango cha uvuvi kinachoruhusiwa, haliishii wilayani, kwa kuwa kanda hizo zimo katika mpango wa jumla wa usimamizi wa hifadhi. Ndiyo maana kumshirikisha mhifadhi tangu siku ya kwanza huokoa muda.

Sauti ya wavuvi wa kusini haikuanza na vikundi hivi. Katika miaka ya 1990, baruti ilipokuwa ikiteketeza matumbawe, wanavijiji walirekodiwa kwa video wakieleza madhara yake, kwa msaada wa mradi wa maendeleo vijijini wa Lindi na Mtwara uliofadhiliwa na Finland, na kanda hizo za video zikaoneshwa kwa viongozi.

Sheria ndogo ikishaidhinishwa, nakala yenye mhuri hubandikwa kwenye ubao wa matangazo na nyingine huhifadhiwa na mtendaji, kwa kuwa mtuhumiwa akifikishwa Mahakama ya Mwanzo, hakimu atataka kuiona nakala hiyo kabla ya kusikiliza habari za pweza.