Habari za leo zinavyowafunza watoto wa Marekani historia ya jana

KUNA swali moja ambalo limewasumbua walimu wa historia tangu jadi, nalo huulizwa na wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14: Haya yote yanatuhusu nini sisi?

Ni swali la haki. Mtoto aliyekulia katika enzi ya simu za mkononi haoni kwa nini akariri majina ya wanaume waliokutana Philadelphia mwaka wa 1787, wala tarehe za vita vilivyokwisha kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa.

Nchini Marekani, walimu wengi wa shule za kati, yaani darasa la sita hadi la nane, wamejaribu kulijibu swali hilo kwa kuligeuza somo kichwa chini miguu juu. Badala ya kuanza na ya kale na kuishia njiani, huanza na jambo linalozungumzwa leo, kisha humrudisha mwanafunzi hatua kwa hatua hadi kwenye chimbuko lake.

Njia hiyo ina faida kubwa. Hata hivyo, imewatia walimu mashakani, kwani tangu mwaka wa 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria kuhusu yale yanayoweza kusemwa darasani. Wakenya wengi wana jamaa wanaoishi nchini humo, na watoto wa jamaa hao huketi katika madarasa hayo hayo.

Kwanza ieleweke kwamba Marekani haina mtaala mmoja wa kitaifa. Kila jimbo hujiwekea viwango vyake, na chini ya majimbo kuna wilaya za elimu zipatazo 13,000 zenye usemi wake. Katika majimbo mengi, mwanafunzi wa shule ya kati husoma habari za nchi yake tangu kuja kwa walowezi kutoka Ulaya hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, na miaka ya ukarabati wa taifa iliyofuata.

Matokeo yake si ya kuridhisha. Katika tathmini ya kitaifa ya mwaka wa 2022, alama ya wastani ya wanafunzi wa darasa la nane katika historia ya Marekani ilishuka kwa pointi 5 ikilinganishwa na mwaka wa 2018. Wanafunzi wapatao wanne kati ya kila kumi hawakufikia hata kiwango cha msingi.

Kura na watumwa

Tuchukue mfano wa uchaguzi wa urais. Mwaka wa 2016, Hillary Clinton alipata takriban kura milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump, lakini aliyeapishwa ni Trump. Vivyo hivyo, mwaka wa 2000 Al Gore alimpita George W. Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni na bado akaikosa Ikulu.

Mwanafunzi akiuliza mambo hayo yamekuwaje, mwalimu hana budi kumpeleka Philadelphia mwaka wa 1787. Huko waasisi wa taifa hilo waliafikiana kwamba rais achaguliwe na wajumbe maalumu wa majimbo, na idadi ya wajumbe wa kila jimbo ilingane na jumla ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi na Seneti. Leo wajumbe hao ni 538, na anayepata 270 ndiye mshindi.

Viti vya Baraza la Wawakilishi viligawanywa kwa kufuata idadi ya watu, na hapo ndipo mzozo ulipozuka. Je, watumwa wahesabiwe au wasihesabiwe? Majimbo ya kusini yalitaka wahesabiwe, ingawa hayakuwa na nia ya kuwapa haki yoyote. Mwafaka uliofikiwa ni kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu.

Darasa linaweza kuipiga hesabu hiyo ubaoni. Jimbo lenye watu huru 300,000 na watumwa 200,000 lilihesabiwa kuwa na watu 420,000. Mtumwa asiyeruhusiwa kupiga kura alimwongezea bwana wake uzito wa kura. Marais wanne kati ya watano wa kwanza walitoka Virginia, jimbo ambalo katika sensa ya kwanza ya mwaka wa 1790 liliongoza kwa idadi ya watumwa.

Baada ya somo kama hilo, mtoto hahitaji kushurutishwa kukumbuka mwaka wa 1787. Anaukumbuka kwa sababu umemsaidia kulielewa jambo alilolisikia kwenye runinga.

Msichana wa miaka 13

Mfano wa pili huwagusa wanafunzi hao zaidi, kwa kuwa mhusika wake alikuwa wa rika lao. Mnamo Desemba 1965, Mary Beth Tinker, msichana wa miaka 13 mjini Des Moines, jimbo la Iowa, alikwenda shuleni akiwa amejifunga kitambaa cheusi mkononi kuwaomboleza waliouawa katika vita vya Vietnam. Shule ilimsimamisha masomo, pamoja na wenzake kadhaa.

Kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu. Februari 24, 1969, majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba mwanafunzi hapotezi uhuru wake wa kujieleza anapoingia shuleni, mradi asivuruge masomo. Uhuru huo ulikuwa umewekwa katika Katiba tangu mwaka wa 1791.

Kutoka hapo, safari ya kufika leo ni fupi. Februari 14, 2018, watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule moja ya Parkland, Florida. Mwezi mmoja baadaye, wanafunzi kote nchini walitoka madarasani kudai sheria kali zaidi za bunduki. Je, shule ilikuwa na haki ya kuwaadhibu? Na mwanafunzi akiitukana shule kwenye mtandao akiwa nje ya shule siku ya mapumziko? Swali hilo la pili lilifika mbele ya Mahakama ya Juu mwaka wa 2021, na majaji wanane dhidi ya mmoja wakampa mwanafunzi ushindi.

Nani ni raia?

Suala la uraia nalo limezua mjadala mkali. Januari 20, 2025, Rais Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani iwapo mama yuko huko kinyume cha sheria au kwa viza ya muda, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Amri hiyo ilipingwa mahakamani mara moja.

Mwalimu anaweza kuitumia habari hiyo kulieleza Rekebisho la 14 la Katiba, lililoidhinishwa mwaka wa 1868 ili watumwa walioachiliwa huru na watoto wao watambuliwe kuwa raia. Miaka 11 kabla ya hapo, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani.

Kisha kuna habari za Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina. Alizuiwa kuingia nchini aliporejea kutoka China mwaka wa 1895, akaenda mahakamani, na mwaka wa 1898 akashinda. Mwanafunzi ambaye wazazi wake ni wahamiaji, wawe wametoka Eldoret au Mexico, hasomi kesi hiyo kama hadithi ya watu wengine.

Mlango si nyumba

Pamoja na hayo yote, njia hii ina hatari zake. Habari ya leo ni mlango tu, si nyumba. Mwalimu akisimama mlangoni kipindi kizima, wanafunzi watabishana kwa maneno waliyoyasikia kwa wazazi wao, na kengele italia kabla hawajasoma hati hata moja ya kale.

Hatari nyingine ni kuwapima watu wa kale kwa mizani ya leo pekee. Kabla ya kuwahukumu waasisi, ni muhimu mwanafunzi ajue walikuwa na hiari gani na ni nani wakati ule ule aliyewapinga. Wapinzani wa utumwa walikuwako mwaka wa 1787, na kulijua hilo ni jambo zito kuliko kuwalaani au kuwasifu waliokubali mwafaka.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza hati zenyewe. Nani aliiandika? Lini? Alitaka nini? Maswali hayo yana kazi hata nje ya somo la historia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka wa 2016 ulibaini kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa shule za kati waliohojiwa walidhani tangazo la kulipiwa kwenye mtandao ni habari ya kweli, ingawa lilikuwa na maandishi yanayoonyesha kwamba limedhaminiwa.

Sheria na hofu

Katika jimbo la Texas, sheria ya mwaka wa 2021 inasema mwalimu hawezi kulazimishwa kujadili suala la sasa lenye utata. Akichagua kulijadili, ni lazima afanye hivyo bila kuegemea upande wowote wa kisiasa. Florida na Tennessee pia zimeweka masharti kuhusu jinsi ubaguzi wa rangi unavyofundishwa.

Watetezi wa sheria hizo wanasema mzazi hampeleki mtoto shuleni akafanywe mfuasi wa chama. Hoja hiyo ina uzito: mtoto wa miaka 12 hana silaha za kumpinga mwalimu anayehubiri siasa. Wapinzani nao wanasema mwalimu asiyejua mpaka wa sheria uko wapi huchagua kunyamaza, na hiyo pia ina uzito.

Lakini kimya hakimkingi mtoto. Maswali ya kura, bunduki na uraia atakutana nayo kwenye simu yake, ambako hakuna wa kumwuliza ushahidi uko wapi. Mwaka wa 2026 ndio wa kutimia miaka 250 tangu Azimio la Uhuru la Julai 4, 1776, lililotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa katika nchi iliyokuwa na watumwa. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake sentensi hiyo pamoja na gazeti la siku hiyo, kisha akawaacha wapime wenyewe umbali uliopo kati ya viwili hivyo, hatakuwa amehubiri siasa ya mtu yeyote, na wanafunzi watakuwa wamepata jibu la lile swali lao.