Nyumba ya kontena: nguvu iko kwenye viungo, si kwenye bati

Ukitoka Voi kuelekea Taveta, ukapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, utauona mlima mdogo wa Salaita umesimama peke yake uwandani. Wengi wanaujua kwa vita vya tarehe 12 Februari 1916, Wajerumani walipowarudisha nyuma askari wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Mwingereza. Waingereza walitegemea reli ya kijeshi iliyojengwa mbio mbio kutoka Voi. Ilikuwa vipande vya chuma vilivyoletwa vikiwa tayari, vikaungwa kimoja kwa kingine papo hapo.

Leo tunajenga kwa mtindo huo huo. Kontena zilizokwisha kazi yake bandarini Kilindini zinageuzwa maduka, ofisi na nyumba za kuishi. Mnunuzi akifika huuliza bei na kugonga ukuta asikie unene wake. Swali la viungo huwa halimjii, na hapo ndipo penye hatari.

Chukua mfano wa kitanda cha kamba. Mfumbati waweza kuwa wa mbao ngumu, na tendegu zikawa nene. Lakini tundu la tendegu likilegea, kitanda kitayumba na kulia usiku kucha. Jengo la vyuma nalo ni vivyo hivyo. Kiungo kilichokazwa sawasawa huishika nguzo na boriti zisiachane pembe. Kilicholegea huwa kama bawaba: chabeba uzito ulio juu yake, lakini upepo ukisukuma ubavuni, fremu yote inalala upande.

Kontena lenyewe limeundwa lisimame kwa pembe zake nne. Kila pembe ina kipande kinene cha chuma chenye matundu, na melini hufungwa hapo kwa kufuli maalumu. Kuta zake ni bati la mikunjo lenye unene wa karibu milimita 2 tu. Uzito wa kontena za juu unashuka kwenye nguzo za pembeni, na zile kuta zinazuia sanduku lisipinde.

Kwa hivyo makosa matatu ni ya kuogopwa. La kwanza ni kukata ukuta mzima ili kupata duka pana, bila kuweka fremu ya chuma kuzunguka tundu. La pili ni kuweka kontena la juu kwa kukingama, pembe zake zisikutane na pembe za la chini. Uzito wote basi unaangukia ukingo wa paa, ambao haukuundwa kuubeba. La tatu ni kuyaacha masanduku yakae tu moja juu ya jingine kwa uzito wake, au kuyashika kwa vidoa vichache vya kuchomelea. Yanatakiwa yafungwe juu kwa chini na ubavu kwa ubavu.

Madhara ya kiungo kibaya ulimwengu umeyaona. Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inia ndani ya hoteli ya Hyatt Regency zilianguka, wakafa watu 114. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fito ndefu za chuma zilizoshika njia zote mbili. Kwa urahisi wa kazi, kila ufito ukagawanywa mara mbili, na njia ya chini ikaning'inizwa kwenye ile ya juu. Mzigo kwenye nati za njia ya juu ukawa maradufu, nazo zikapasua boriti na kupenya. Badiliko dogo la kiungo kwenye karatasi lilitosha.

Kwetu Pwani kuna adui mwingine, nayo ni kutu. Maji na chumvi hujificha kwenye nyufa za viungo, mahali brashi ya rangi haifiki. Tena moto wa kuchomelea huunguza rangi ya zamani. Pasiposafishwa na kupakwa upya, kiungo ndicho kinachooza kwanza huku ukuta ukiwa bado unang'aa. Bolti zilizojificha nyuma ya mbao za ndani hazikaguliki, kwa hivyo mwambie fundi aache mlango mdogo wa kuzifikia.

Kabla hujatoa pesa, muulize fundi: pembe zitakaa juu ya msingi gani? Sanduku la juu litafungwa vipi na la chini? Nikikata mlango, nini kitachukua kazi ya ukuta? Upepo ukivuma, jengo limefungwa vipi na ardhi? Ikiwa ni ghorofa, au ni darasa la watoto, majibu hayo yawe kwenye mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mchoro upite kaunti. Gharama yake ukiilinganisha na ya jengo zima ni ndogo, na ukuta ukishafunikwa, kurekebisha kiungo ni kubomoa.