Kisukari na Msimu wa Maembe Sikonge

Miembe ya Unyamwezi ina historia ndefu. Asili ya mti huo ni Asia ya Kusini, nao ulienea bara katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Hadi leo, mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, maembe hujaa masokoni na nyuani, kuanzia Tabora mjini hadi Sikonge, upande wa kusini. Kwa mwenye kisukari, msimu huo huja na swali gumu: ale, au awaachie wajukuu?

Wengi hujinyima kabisa, bila sababu ya kitaalamu. Tunda zima lina sukari, lakini sukari hiyo imo ndani ya maji na nyuzinyuzi, hivyo huingia katika damu polepole. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu wapatao 500,000, ulionyesha kwamba waliokula matunda kila siku walipatwa na kisukari kwa uchache zaidi. Miongoni mwa waliokuwa wagonjwa tayari, waliokula matunda zaidi ya siku 3 kwa wiki walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa, kwa asilimia 17. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba tunda ni tiba. Unaonyesha tu kwamba hofu imezidi kiasi.

Kinachotakiwa ni kipimo. Gramu 100 za embe bivu zina wanga wa gramu 15 hivi. Za papai, 11. Za ndizi mbivu, 23. Pera lina wanga unaokaribia wa embe, lakini nyuzinyuzi zake ni mara tatu. Kipande kinachoenea kiganjani, mara mbili au tatu kwa siku na kwa nyakati tofauti, huwatosha wengi. Anayekula embe pamoja na mlo apunguze tonge za ugali, kwa kuwa wanga wa vyote viwili huhesabiwa pamoja.

Juisi ni jambo jingine. Maembe matatu yasiyolika kwa mkupuo hunyweka kwa dakika moja, na nyuzinyuzi nyingi hubaki katika chujio. Asali nayo, fahari ya misitu ya miyombo ya Sikonge, ina sukari ya takriban gramu 80 katika kila gramu 100. Kutoka kwa nyuki hakuifanyi iwe salama. Hata ukwaju, licha ya uchachu wake, una sukari, usiongezewe nyingine.

Ipo saa moja ambapo juisi au asali huokoa maisha. Atumiaye insulini au glibenklamidi akianza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka mno. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu potasiamu ya matunda yaweza kumdhuru. Wengine wapime sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, waandike matokeo, na wayapeleke kliniki. Dawa zisiachwe kwa ajili ya tunda lolote.