Kipepeo Mkubwa Kupita Wote

Watoto, chukueni rula ya darasani, ile ya sentimetre 30. Iwekeni mezani, muitazame. Yuko kipepeo ambaye, akikunjua mabawa yake, huifunika karibu yote. Upana wake ni sentimetre 25, hata 28. Duniani pote hakuna kipepeo mkubwa kupita huyu.

Kwao ni wapi? Mbali sana na Kongo, kaskazini ya Australia, kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Guinea Mpya. Huko kuna joto, mvua nyingi na misitu minene kama yetu. Lakini kipepeo huyu haonekani kisiwani kote. Hukaa mahali padogo tu upande wa mashariki, katika jimbo la Oro, nchi ya Papua Guinea Mpya.

Vipepeo hawa huruka juu sana, penye vilele vya miti. Mwaka 1906 Albert Meek, Mwingereza aliyetafuta wadudu, alimpata wa kwanza. Hakumkamata kwa wavu. Aliangushwa kwa bunduki ya marisau, kama ndege! Mwaka 1907 Walter Rothschild alimpa jina la Alexandra, malkia wa Uingereza wa wakati ule.

Jike na dume hawafanani. Jike ni mkubwa, rangi yake kahawia yenye madoa meupe. Dume ni mdogo zaidi, na mabawa yake hung'aa kijani na buluu.

Sasa tuone maisha yake. Jike hutaga yai, kubwa kama punje ya mtama, juu ya jani la mmea wa namna moja tu. Mmea huo hupanda juu ya miti kama kamba za porini, na majani yake yana sumu. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mweusi mwenye miiba myekundu. Kwanza hula ganda la yai lake, halafu huanza majani. Anakula, anakua, anavua ngozi, anakula tena. Sumu haimdhuru. Hukaa mwilini mwake, nayo humkinga na ndege.

Akiisha kukua, hujifunga kwenye kijiti, hugeuka kuwa kama kifuko kikavu, hatembei wala hali. Ndani yake mwili unabadilika. Asubuhi moja kifuko hupasuka, na kipepeo hutoka, mabawa yamelowa na kujikunja. Huyanyosha, huyakausha, kisha huruka. Toka yai mpaka siku hiyo ni karibu miezi minne. Sasa hali majani tena. Hunyonya maji matamu ya maua kwa ulimi mrefu kama mrija.

Mdudu mkubwa hivi, tena mwenye sumu, aogope nini? Huko kwao kuna mlima wa moto, kama Nyiragongo wetu. Jina lake Lamington. Mwezi wa Januari 1951 ulilipuka, ukaua watu karibu 3.000 na kuteketeza msitu mwingi wa vipepeo hao. Baadaye watu walikata misitu mingine wapate mashamba, hasa ya michikichi, ile inayotupa mawese. Watu wanahitaji chakula na fedha. Lakini msitu ukikatwa, ile kamba yenye sumu nayo hukatwa, na kiwavi hana chakula kingine. Hufa kwa njaa katikati ya majani mabichi.

Sheria inakataza kumkamata na kumwuza kipepeo huyu. Ni vizuri, lakini haitoshi. Kwa hiyo wengine huacha sehemu za msitu zisikatwe, tena hupanda ule mmea.

Katika misitu yetu ya Kongo pia yuko kipepeo mkubwa kupita wote wa Afrika. Upana wake hufika sentimetre 20 na zaidi. Mkimwona, msimfukuze. Tena kumbukeni: anayetaka kulinda kipepeo, alinde kwanza majani ya kiwavi.

MAULIZO
1. Kipepeo huyu hukaa wapi?
2. Kwa nini ndege hawampendi kiwavi wake?
3. Kipepeo hula nini? Na kiwavi je?
4. Kwa nini sheria peke yake haitoshi kumlinda?